Kioo Namba 114

Naanza na kondoo, maana yeye ndiye aliyekuwa bajeti,
na Bajeti ndilo jina tulilompa.
Alifungwa nyuma ya maabara, Newala, kando ya tangi la maji.
Kila Jumatatu nilimwomba radhi, nikamtoboa shingoni,
nikaipika damu yake taratibu mpaka ikawa kahawia.
Sisi watu wa vijidudu tunaiita chokoleti.
Bi Fatu wa usafi alitaka kuionja. Nilimwahi mkono.

Kisonono kina madeko.
Hakitaki baridi, hakitaki hewa nyingi,
kinakula kilichopikwa tu, kama mkwe aliyekuja kutembea.
Umeme ukikatika, na ulikatika
huku gesi yetu ikipita kwenye bomba kwenda Dar,
tuliweka sahani ndani ya chupa kubwa ya achari,
mshumaa juu yake, kiberiti, kifuniko.
Mwali unapungua, unainama, unajifia.
Humo kwenye moshi ndimo kinamoota.
Tasnifu yangu nzima niliisomea kwa mishumaa iliyozimika.

Wanawake walikuja na maneno yao.
Hakuna aliyesema ugonjwa.
Walisema, "Naumwa kule." Walisema, "Nyumba inavuja."
Fomu ilikuwa na neno moja: uchafu.
Nikalikata kwa kalamu, nikaandika ute,
fomu mia sita, mpaka kidole kikaota sugu.
Mkuu wangu akauliza, kitaalamu kuna tofauti gani?
Nikamwambia, mimi nimezaliwa Ndanda,
masista waliniita Ottilia, bibi akaniita jina la marehemu dada yake.
Najua jina linavyoweza kumkalia mtu.

Wa mia na kumi na nne aliitwa Somoe.
Alinunua sabuni mpya kabla ya kuja.
Akalala kitandani, kanga usoni badala ya kiunoni,
akasema, "Nisamehe harufu, dada. Kama ng'onda."
Nikamjibu, nimelelewa kwa ng'onda.
Hakucheka.
Zahanati ilikwisha kumpa karatasi: zinaa, mlete mwenzi wako.
Mwenzi aliisoma karatasi, akavua mkanda wa suruali.
Talaka ikafuata, wiki ileile
pesa za mnada wa kwanza wa korosho zilipoingia.

Zambarau. Iodini. Spiriti. Wekundu.
Nikaiinamia darubini.
Kisonono hakikuwepo.
Palikuwa na chembe zilizojaa vidoa hadi pembeni,
kama vitumbua vilivyoangukia mchanga,
na wale walinzi wachachu, warefu kama fimbo,
ndugu zao wanaochachusha togwa,
hakuonekana hata mmoja.
Basi. Mlango uliokosa bawabu.
Wataalamu bado tunabishana mambo hayo yanaanzaje.
Karatasi ile haikubishana.

Nilikwenda Kitangari na majibu, na vidonge vya siku saba.
Jirani akasema, amevuka.
Kwetu kuvuka ni Ruvuma,
ni shangazi wa upande wa pili mwenye shamba la mihogo.
Niliporudi nilisimama Shimo la Mungu, nikatazama bondeni:
mto mwembamba, kama ute uliopakwa kwenye kioo.

Utafiti ulichapishwa. Jina langu ni la tisa kati ya kumi na moja.
Somoe humo ni sehemu ya asilimia.

Leo nastaafu. Wamenipa saa ya ukutani.
Bajeti alikufa kwa uzee; hatukumla.
Kijana aliyechukua kiti changu ana mashine inayosoma vinasaba,
hajawahi kununua mshumaa.
Nimemkabidhi funguo, madaftari, visanduku vyote vya vioo,
kasoro kimoja, nilichokitia kwenye pochi kama mwizi.
Zambarau yake imefifia. Nikikiinua dirishani
naona kwanza jicho langu mwenyewe.

Somoe, kama uko hai huko ng'ambo,
majibu yako yako tayari.
Yalikuwa tayari tangu Alhamisi ile, saa nane mchana.